Kaskazi ikivuma, maji hubadilika njiani

Kuanzia Desemba hadi Machi watu wa Tanga huwa na malalamiko mawili, joto na maji. Joto halina wa kulaumiwa. Maji yana, ndiyo maana tangazo la mgao likishatua tu kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa, iwe Chumbageni au Mikanjuni, maswali hufuatana. Mbona yametoka ya kahawia? Mbona yananuka udongo? Mbona dira imezunguka na bomba lilikuwa linapuliza upepo mtupu? Tangazo lenyewe halijibu hata moja. Huwa na mistari mitatu: mitaa fulani, siku fulani, tunaomba radhi kwa usumbufu. Kwa sisi tunaoshinda na mabomba na matanki majibu ni ya kila siku, na ningependa mwenye nyumba naye ayajue, kwa sababu sehemu kubwa ya yanayoharibika msimu huu huharibika akiwa ameshayalipia.

Maji ya bomba Tanga hutoka Mto Zigi, unaoanzia kwenye misitu ya Amani, Usambara Mashariki. Huzuiwa kwenye Bwawa la Mabayani, kisha husukumwa hadi mtambo wa Mowe. Pale hutiwa shabu ili tope lishikane na kuzama, huchujwa, na mwisho hutiwa klorini. Kwenye kaskazi mto hupungua, na jua la nyuzi 32 au 33 huliwakia bwawa mchana kutwa. Bwawa lenye kina likipata joto la namna hiyo hujigawa tabaka mbili, maji vuguvugu juu na ya baridi chini, na hayachanganyiki. Chini oksijeni huisha, na chuma na manganizi vilivyokuwa vimetulia kwenye tope huanza kuyeyuka. Juu, mwani hustawi.

Hapo ndipo harufu ya udongo inapozaliwa. Baadhi ya viumbe vidogo vya majini hutoa kemikali iitwayo jiosmini, ileile unayoisikia mvua ya kwanza ikigonga ardhi kavu. Pua ya binadamu ni kali mno kwake: nanogramu 10 ndani ya lita moja zinatosha wengi kuihisi, na klorini haiifanyi kitu. Kwa kiasi hicho haidhuru. Mtu akiniambia maji yananuka tope namuuliza kwanza kama yananuka klorini, hata kwa mbali. Maji yenye harufu ya tope na klorini ndani yake ni salama kuliko maji yasiyonuka chochote ambayo klorini imekwisha. Wengi wetu tunachagua kwa pua, na pua hapa inadanganya.

Sasa njia ya bomba. Maji yakiwa mengi, bomba hujaa saa zote na msukumo wa ndani huzuia uchafu wa nje usiingie, hata penye ufa. Mgao ukianza, msukumo huondoka. Bomba la mtaa likimwagika upande wa bondeni, hufyonza upande wa juu, na hufyonza chochote kilicho jirani na ufa: maji ya mfereji, maji yaliyotuama, na penye vyoo vya shimo mnajua wenyewe. Maji yakirudi saa tisa usiku huja kwa kishindo, yakikwangua kutu na mchanga uliotulia, na mbele yake yakisukuma hewa. Ile kahawia ya dakika za mwanzo ni hiyo. Ule upepo nao ni kweli huzungusha dira, kwa kuwa dira nyingi za majumbani huhesabu mzunguko wa kigurudumu ndani yake na hazijui kama kinachokizungusha ni maji au hewa. Kiasi chake si kikubwa kama watu wanavyodai, lakini kipo.

Dawa ya kahawia ni rahisi na wachache huitumia. Acha maji ya kwanza yatoke kwenye koki ya uani, uyakinge kwenye ndoo ya kumwagilia maua au kusafishia choo, mpaka yawe meupe. Ndipo ufungulie yaende kwenye tanki. Nyumba nyingi zina boya linalofungua lenyewe usiku, kwa hiyo tope lote la mtaa huingia tankini wakati mwenyewe amelala, likatulia chini, na wiki baada ya wiki likawa tabaka. Ukiweza, funga valvu ya tanki siku za mgao na uifungue kwa mkono.

Kuna jambo moja nalitaja bila kupaka mafuta: pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Mafundi wanaifunga, wateja wanaifurahia, na mtaa mzima unalipa. Pampu ile haiongezi maji. Hunyonya yale machache yaliyokuwa yafike kwa jirani, na penye ufa hunyonya na uchafu, kisha huyapeleka yote kwenye nyumba ya mwenye pampu. Anayejiona mjanja ndiye anayekunywa uchafu huo. Anayehitaji pampu aweke tanki la chini lijae kwa msukumo wa bomba, halafu pampu ivute kutoka humo.

Nimefika kwenye tanki, ambako ningekaa siku nzima kama mhariri angeniruhusu.

Klorini inayotoka mtamboni ni mlinzi aliyepangiwa zamu fupi. Kipimo kinachotakiwa bombani kwako ni angalau miligramu 0.2 kwa lita. Joto huharakisha kuisha kwake, jua huivunja, na tope la chini ya tanki huila. Tanki jeusi la plastiki, simtanki kama tunavyoyaita yote hata yasiyo ya chapa hiyo, likiwa juu ya bati saa nane mchana, maji yake hukaribia joto la kuogea mtoto. Klorini ya jana humo isitegemewe. Ukiwa na tanki la lita 2,000 na familia inayotumia lita 200 kwa siku, una maji ya siku kumi ndani, na kila siku boya huongeza mapya juu ya ya zamani. Watu huamini tanki kubwa ni usalama. Kwenye mgao mkali ni kweli. Wiki ambazo maji yanatoka vizuri, tanki kubwa ni njia ya kugeuza maji mazuri kuwa ya zamani. Shusha boya lijaze nusu.

Kuosha tanki mara mbili kwa mwaka kunatosha nyumba nyingi, na wakati mzuri wa mara ya kwanza ni Novemba, kabla joto halijapanda. Ondoa maji, sugua kuta na sakafu kwa brashi isiyotumika kwingine, suuza, tope lote litoke kwa bomba la chini na si kwa bomba linaloingia jikoni. Kisha lijaze, na kwa kila lita 1,000 tia lita moja na nusu ya dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5. Fungua koki zote za nyumba kidogo kidogo mpaka usikie harufu kila koki, funga, acha usiku mzima. Asubuhi mwaga yote. Maji hayo hayanywewi. Aliyeingia ndani ya tanki asiwe peke yake, na klorini isichanganywe na sabuni ya choo yenye asidi, maana mvuke wake unaua.

Hapo juu nimesema usugue kuta. Si kwa ajili ya uchafu peke yake. Mbu anayeeneza homa ya dengi, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo huvumilia ukavu kwa miezi. Unamwaga maji ya pipa ukadhani umemaliza, pipa linakaa kavu Februari yote, Machi unalijaza tena na mayai yanaanguliwa. Kwa joto la kaskazi, kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja au siku kumi. Mwaka 2019 dengi ilipoisumbua Dar es Salaam, Tanga nayo ilipata wagonjwa, na chandarua cha usiku hakikusaidia sana kwa mbu wa saa nne asubuhi. Kila msimu wa mgao tunaweka mapipa, madumu na ndoo uani, na kila kimoja kisichofunikwa ni mahali pa kutagia. Mfuniko wa tanki uliopasuka, ambao kila mtu anauona na hakuna anayeununua, ni mlango mkubwa zaidi kuliko yote. Kipande cha neti kilichofungwa kwa mpira juu ya pipa kinatosha.

Wenye visima nao wana la kwao. Karibu na bahari, maji baridi ya ardhini huelea juu ya maji ya chumvi. Kanuni ya wanajiolojia ni kwamba kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba chini yake kama mita 40 za maji baridi. Geuza hesabu hiyo: ukivuta pampu mpaka maji yashuke mita moja, chumvi hupanda kuelekea kisima kwa mita nyingi. Kisima kilichoanza kuwa na chumvi Januari hakiponi kwa kuchimbwa zaidi. Kipumzishwe, kivutwe kidogo kidogo asubuhi na jioni.

Bili nazo. Uniti moja ni lita 1,000, ndoo 50 za lita 20. Choo kinachovuja kimyakimya lita moja kila dakika mbili hupoteza lita 720 kwa siku, na kwa mwezi uniti 21 na ushee. Kabla ya kwenda dirishani kugomba, usiku tanki likiwa limejaa na koki zote zimefungwa, angalia kile kinyota kidogo kwenye uso wa dira. Kikizunguka, ni kwako. Kikitulia na bili bado ni kubwa, nenda kagombe, na ubebe picha ya dira.

Mamlaka ya maji ya Tanga ilipouza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024, ya miaka kumi na riba ya asilimia 13.5, lengo moja lilikuwa kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 45 kwa siku hadi milioni 60. Ni hatua kubwa kwa mji wa ukubwa wetu, na sina shaka nayo. Ila lita milioni 60 zikipita kwenye simtanki lisilooshwa zitatoka vilevile. Na tangazo la mistari mitatu lingeongezwa mstari wa nne, saa ambayo maji yanarudi, ili mtu aamke akayamwage yale ya kahawia.

Masika yakianza mwishoni mwa Machi wengi huvua wasiwasi. Mapema mno. Mvua za kwanza huosha mashamba ya mlimani na kuushusha udongo wote Zigi, na maji ya aina hiyo huhitaji shabu nyingi na hupita polepole kwenye machujio. Mtambo wowote unaopokea tope hulazimika kupunguza kasi, pengine kusimama. Ndiyo maana hutokea siku mvua inamwagika tangu alfajiri, barabara za Ngamiani zimejaa maji, na koki ya jikoni haitoi hata tone. Siku hiyo kinga maji ya paa. Dakika kumi za mwanzo ziache zioshe bati, halafu weka pipa, lenye neti.