Misaada Baada ya Maafa (2): Masista wa Kolwezi

Wiki iliyopita tulikuwa Beira, Msumbiji, mji uliopigwa na kimbunga Idai usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019. Leo tunahamia Kolwezi, mkoani Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ambako vimbunga havifiki. Atakayeona tumetoka nje ya mada na avute subira kidogo.

Maafa ya Beira yana tarehe. Ya Kolwezi yanazo nyingi mno. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ikateremka hadi chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpango wa Benki ya Dunia ulioitwa kuondoka kwa hiari. Hiari ya mtu ambaye hajaona mshahara kwa miezi, msomaji aipime mwenyewe. Kampuni hiyo haikuwa mwajiri tu. Shule ilikuwa yake, hospitali yake, hata unga wa bukari, yaani ugali, ulitoka kwake. Ilipoanguka, baba alishika sururu akaingia shimoni, mama na watoto wakaenda mtoni kuosha mawe ya kobalti na kuyachambua.

Mtaani Kasulo, mwaka 2014, kobalti ilikutwa chini ya makazi ya watu. Haukupita muda mrefu mashimo yakachimbwa uani, mengine ndani ya vyumba, chini ya sakafu iliyokuwa ikilaliwa jana yake. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka katika eneo la mgodi wa KOV, ukaua wachimbaji wadogo wasiopungua 43.

Masista wa Mchungaji Mwema, shirika la Kikatoliki lililoanzia Angers, Ufaransa, mwaka 1835, walifika hapa mwaka 2012 wakiongozwa na Sista Catherine Mutindi kutoka Kenya. Walifungua madarasa ya bure kwa watoto waliokuwa machimboni. Hapo ndipo wafadhili wengi hupenda kuishia, maana mtoto mwenye daftari anapigika picha vizuri. Lakini mtoto wa machimboni ana hesabu yake nyumbani. Amnesty International, katika ripoti yake ya mwaka 2016, ilieleza kuwa watoto walipata kati ya faranga 1,000 na 2,000 kwa siku, yaani dola moja au mbili za wakati ule. Fedha hiyo ndiyo unga wa jioni. Ukimpeleka darasani bila kuiziba nafasi ya unga huo, umempa mama yake kazi ya kuamua nani alale njaa, na Jumatatu ijayo mtoto atakuwa mtoni.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, moyo wa kazi ya masista haumo darasani. Umo katika mashamba ya mahindi na mboga, katika mafunzo ya ushonaji kwa wanawake na wasichana, na katika vikundi ambamo wakazi hujifunza haki zao: mwenye mgodi anadaiwa nini na jirani zake, na malalamiko yanapelekwa ofisi gani. Mwaka 2019 Sista Mutindi alitunukiwa Tuzo ya Opus nchini Marekani, dola milioni moja kwa ajili ya kazi hiyo.

Tuseme ukweli pia. Shamba la mboga linashindana na soko la dunia. Machi 2018 tani moja ya kobalti ilikaribia dola 95,000. Mwaka uliofuata ikashuka hadi karibu theluthi ya hapo. Bei ikipanda, jembe linaonekana upumbavu machoni pa kijana wa miaka 15. Ikishuka, mama aliyetegemea mawe peke yake hana pa kushika. Masista hawana mkono juu ya bei hiyo. Wanachoweza ni kuhakikisha kwamba siku inaposhuka, nyumbani kuna kitu kingine cha kuuza.

Kazi hiyo inataka muda, na muda ndio wafadhili wanaoubania. Mfumo rasmi wa Congo wa madarasa ya kufidia unabana miaka 6 ya shule ya msingi kuwa 3. Mtoto anayeanza akiwa na miaka 10 atamaliza na 13, umri ambao machimbo humhitaji zaidi kwa kuwa sasa mabega yake yanabeba gunia. Mkataba wa ufadhili wa miaka miwili unamwacha kabla hajafanya mtihani wa mwisho.

Wiki ijayo: kampuni zinazonunua kobalti zinachangia nini, na kwa masharti gani.