Ndege Aliyepewa Nchi Isiyo Yake

Paukwa! Pakawa! Sogeeni basi. Leo sina sungura wala fisi, nina bata mzinga.

Mnamjua? Yule ndege mkubwa mwenye kichwa kisicho na manyoya, na kinyama laini kinachoning'inia juu ya mdomo mpaka kinaupita. Dume akitaka kuwaringia majike, hutandaza mkia wote, huburuza mbawa chini kwa maringo, na ngozi ya kichwa chake hubadilika rangi mkiwa mnamtazama: mara nyekundu, mara buluu, mara nyeupe. Sisi tumemwita bata, ingawa ndugu zake hasa ni kuku, kanga na kware. Lakini kioja cha Waingereza kinatushinda. Wao wanamwita "turkey", yaani Uturuki! Nchi nzima, na bendera yake na watu wake, inachomwa kwenye oveni siku ya Krismasi.

Na wala hakutoka Uturuki. Kwao ni Amerika, na wa kwanza kumfuga walikuwa watu wa Mexico, zamani sana. Waazteki walimwita huexolotl. Wahispania wa Hernán Cortés walipofika huko mwaka 1519 wakamkuta anauzwa sokoni, wakamla, wakampenda, wakamvusha bahari hadi Ulaya.

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo anapoingia kanga wetu. Namsema ndege, yule wa porini mwenye manyoya meusi yaliyojaa madoa meupe, ambaye inasemekana ndiye aliyelipa jina vazi la kanga. Huyu ni Mwafrika halisi. Waingereza wa enzi hizo walikuwa wakimpata kwa wafanyabiashara waliopita katika nchi za dola kubwa la Waturuki. Badala ya kuuliza ndege kazaliwa wapi, wakatazama nani kamleta mlangoni, wakamwita jogoo wa Uturuki. Basi. Mara anatua ndege mwingine kutoka ng'ambo, mkubwa zaidi, naye kichwa wazi, naye mgeni. Wakawachanganya! Jina la kanga akavikwa bata mzinga. Walipokuja kuwatofautisha, kanga akapewa jina la Guinea ya Afrika Magharibi, na bata mzinga akabaki na Uturuki yake mpaka leo.

Msidhani ni wauza kuku tu waliochanganyikiwa. Mwaka 1758 Carl Linnaeus, bingwa wa Sweden wa kuwapa wanyama majina ya kisayansi, alimwandika bata mzinga kwa jina la Meleagris. Neno hilo ni la Wagiriki wa kale, na kwao lilikuwa jina la nani? La kanga! Hata Shakespeare aliteleza. Aliwatia mabata mzinga katika tamthilia ya Mfalme Henry wa Nne, na mfalme huyo alikufa mwaka 1413, miaka mingi kabla ndege hao hawajavuka bahari. Watazamaji wake, nadhani, walikuwa wameshawazoea mno kustuka.

Haya, mkimwendea Mturuki mwenyewe mkamwuliza ndege huyu ni nani, atawajibu "hindi". Kwake huyu ni ndege wa India. Mfaransa anasema "dinde", neno lililotokana na "wa India", na wenzenu wa Lubumbashi wanaosoma kwa Kifaransa wanalijua. Mholanzi anamwita "kalkoen", kutokana na Calicut, bandari ya India. Lawama nyingi hapa ni za Christopher Columbus, ambaye mwaka 1492 alifika visiwa vya Amerika akadhani yuko India, na Ulaya ikaendelea kuziita nchi zile India kwa muda mrefu. Mreno naye kamwita "peru", nchi ya Amerika Kusini. Kidogo kakaribia, angalau ni Amerika. Misri ni jogoo wa Rumi, na ukienda Syria au Palestina ni jogoo wa Habeshi, yaani Ethiopia. Kila mmoja anamsukumia mwenzake.

Mnacheka? Basi niambieni, ugali wenu ni wa unga wa nini? Mahindi! Nafaka hiyo nayo kwao ni Mexico, ikaletwa pwani yetu na Wareno, lakini sisi tumelibeba jina la Hindi midomoni bila wasiwasi. Waitalia wanaiita nafaka ya Uturuki. Ndege na mahindi walitoka shamba moja, wakapotezewa kwao kwa namna moja.

Tena jina "turkey" halikutulia kwa ndege. Huko Marekani filamu ikikosa watazamaji huitwa turkey. Mtu zuzu, turkey. Katika mchezo wa kuviringisha tufe, ukiangusha pini zote mara tatu mfululizo umepata turkey, na hapo unapigiwa makofi. Aliyeacha sigara siku moja, bila kupunguza kidogo kidogo, wanasema kaacha kwa turkey wa baridi. Mkikutana na maneno hayo kwenye mtihani wa Kiingereza, tafadhali msitafute jokofu.

Waturuki nao walichoka. Fikirini mtu anafungua kamusi kutafuta nchi yake, anakuta ndege wa kuchoma na mtu mjinga. Mwaka 2022 serikali yao iliuandikia Umoja wa Mataifa kwamba kuanzia sasa, hata kwa Kiingereza, nchi iitwe Türkiye, kama wanavyoiita wenyewe. Umoja wa Mataifa ukakubali. Ndege hakubadilishiwa kitu: London bado ni turkey, na Istanbul, kwa Waturuki haohao waliodai jina lao, bado anauzwa kwa jina la India.