Ukiangukia Kiganja, Usiseme "Nimeteguka Tu"

Msimu wa maembe ukifika watu huanguka kutoka mitini, na ajali za bodaboda hazina msimu. Wengi hufika hospitali wakisema, "Sista, nimeteguka tu." Wengine wamekwisha kukandwa kwa maji ya moto wiki mbili nzima.

Kuna nini ndani?

Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8, iliyofungwa pamoja kwa kano. Mtu akiangukia kiganja kwa nguvu, kano zaweza kukatika, mfupa ukavunjika na mingine ikahama. Mfupa wa katikati, wenye umbo la mwezi mwandamo, ukisukumwa mbele hubana mshipa wa fahamu. Hapo kidole gumba, cha shahada na cha kati hufa ganzi.

Jeraha hili hujificha. Mwaka 1993 madaktari walichapisha uchunguzi wa majeraha 166 ya aina hii. Karibu robo yake hayakutambuliwa mwanzoni. Kwa hiyo, hata ukiambiwa picha ya eksirei ni safi, maumivu yakiendelea rudi baada ya siku 10 hadi 14 upigwe nyingine. Ukiwa na ganzi, usisubiri hata siku moja.

Tiba yake

Kwanza daktari humpa mgonjwa dawa ya usingizi au ganzi, huuvuta mkono na kuirudisha mifupa mahali pake. Lakini mara nyingi hiyo haitoshi, kwa sababu mifupa huhama tena. Hufuata upasuaji wa kushona kano na kuishikilia mifupa kwa skrubu au nyaya nyembamba za chuma, kisha plasta ngumu. Nyaya huondolewa baada ya wiki 8 hadi 12 hivi. Jeraha likikaa miezi bila tiba, kazi huwa ngumu zaidi na matokeo hupungua.

Nyumbani

- Siku za kwanza, weka mkono juu kuliko moyo.
- Chezesha vidole tangu siku ya kwanza.
- Usiloweshe plasta wala kuingiza kijiti kujikuna.
- Acha sigara. Huchelewesha mfupa kuunga.
- Vidole vikiwa vya baridi au vya buluu, ganzi ikizidi, maumivu yakiwa makali, au ukiona usaha au homa, rudi mara moja, hata usiku.

Plasta ikitolewa, mkono utakuwa mkavu na mgumu. Fanya mazoezi uliyofundishwa kila siku. Kurudia jembe au kubeba ndoo huweza kuchukua miezi 6. Kifundo huenda kisikunjike kama zamani, lakini utaweza kulima, kupika na kuandika.

Basi wazazi, mtu akianguka msimkande wala kumvuta mkono. Mvueni pete, ufungeni mkono kwenye kipande cha ubao, uninginizeni kwa kanga, na mleteni hospitali siku hiyo hiyo. Mkono huo ndio unaolisha nyumba.