Mkono Unaotetemeka Ukiwa Umepumzika

Ukimwona mzee ametulia barazani, mkono u juu ya paja nao unatetemeka kama ahesabuye tasbihi, lakini akinyanyua kikombe cha kahawa mtetemo unapungua, usiharakishe kusema ni uzee au jini. Huenda ni ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la tabibu Mwingereza aliyeueleza mwaka 1817.

Ndani kabisa ya ubongo zipo chembe hai zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, inayousaidia mwili kuanza mwendo na kwenda bila kukwama. Chembe hizo zikifa, hatua hufupika, uso hukosa uchangamfu, hata kuinuka kutoka kwenye sijida huwa kazi. (Maamuma wenzake wamvumilie.) Misuli haina kosa, hivyo kuichua kwa mafuta hakutoshi.

Mpelekeni hospitali na dawa zote anazotumia, maana baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na za maradhi ya akili huleta hali hiyohiyo. Akipewa levodopa, ugonjwa hauponi, ila mwendo hurudi kwa kiasi. Asiikatishe ghafla, hata Ramadhani. Anaweza kukakamaa hadi maisha yakawa hatarini. Amwone daktari tangu Shaaban, waangalie kama afunge au asifunge.