Wanasaka Maada Giza, Gundi Inawachezea Akili

Ushawahi lala usiku, mabati ikalia "ko!" ukadhani ni mwizi? Kumbe ni mabati inapoa tu baada ya jua ya mchana. Sasa hiyo ndio presha wasee wa fizikia wanapitia.

Iko hivi. Karibu asilimia 85 ya maada yote ulimwenguni haionekani. Inaitwa maada giza. Tunajua iko juu nyota zinazunguka galaksi na spidi kali. Bila uzito wa ziada kuzishika, zingetawanyika kitambo. Lakini hakuna msee amebamba hata chembe moja.

Mbinu ya kawaida ni kungoja chembe igonge kitu. Kule South Dakota, Marekani, mtambo wa LZ una tani 10 za zenoni ya majimaji, karibu kilomita 1.5 chini ya ardhi. Shida ni, chembe ikiwa nyepesi sana, ni kama kurushia matatu punje ya ndengu. Dere hata hashtuki.

Ndio maana wengine wamebadilisha gia, wanatumia sensa za supakondakta, yaani chuma ikipoa sana stima inapita bila kizuizi chochote. Wanachukua utando mwembamba wa tangsteni, wanaupoza karibu nyuzi -273, halafu wanauacha pale mpakani, ukikaribia kurudi chuma ya kawaida. Cheki maziwa ikifika ukingo wa sufuria: moto kidogo tu, imemwagika. Chembe ikigonga kipande cha silikoni kilichobeba huo utando, kajoto kadogo kanatosha kuzuia stima, na wanaona. Mradi wa SuperCDMS umepeleka sensa kama hizi kilomita 2 chini, kwa mgodi wa nikeli huko Sudbury, Canada.

Noma ni kwamba sensa zimekuwa kali hadi zinasikia vitu hazijatumwa. Mwaka wa 2024, watafiti wa Berkeley, California, walichapisha jaribio simpo: silikoni moja walibandika na gundi, ingine wakaning'iniza na waya nyembamba. Ya gundi ililia mara nyingi zaidi. Gundi ikipoa inabana silikoni, na mkazo ukiachilia, "ko!" Ile ya waya ilitulia, lakini haikunyamaza kabisa.

Kelele hizo hizo zinaweza kusumbua kompyuta za kwanta, sababu nyingi zinatumia supakondakta pia.

Kwa hivyo siku ukisikia maada giza imebambwa, uliza swali moja tu: ni mwizi, ama ni mabati?