Katika nyumba ya masista, kengele ndiyo yenye amri

Saa kumi na moja alfajiri, wakati makanga wa kwanza wanaanza kuwaita abiria barabarani, kengele hulia katika nyumba ya masista. Haigongwi kwa nguvu, lakini hakuna anayebishana nayo. Taa huwaka moja baada ya nyingine, na kabla ya jua kuchomoza watawa wako katika kikanisa chao, wakiimba zaburi kwa zamu, upande huu na upande ule.

Wengi wetu huwajua masista kwa nje tu. Tunamjua mwalimu mkuu asiyependa mchezo, au muuguzi wa zahanati ya misheni. Wakishaingia langoni mwao jioni, hatujui tena lolote, na pengo hilo hulijaza kwa uvumi. Si ajabu basi kwamba binti aliyemaliza Kidato cha Nne akitangaza kuwa anataka kujiunga nao, nyumba nzima hutikisika. Mama huwalilia wajukuu, baba hunyamaza, na shangazi huuliza ni kijana gani aliyemvunja moyo msichana huyu.

Je, ni maisha ya aina gani hayo yanayomvuta?

Siku ya sista

Ratiba hutofautiana kati ya shirika na shirika. Wapo wamonaki wa ndani, ambao hawatoki ila kwa sababu maalumu, na wapo walio wengi zaidi nchini, wanaokwenda kufundisha, kuuguza na kulima. Hata hivyo mpangilio wa siku unafanana. Baada ya Masifu ya Asubuhi huja tafakari, Misa na kiamsha kinywa, kisha kila mmoja hushika kazi yake. Jioni hukutana tena kwa Masifu ya Jioni, chakula cha usiku na muda wa kupiga gumzo, kufuma au kutazama habari. Sala ya mwisho ikishasemwa, kimya huingia hadi asubuhi.

Zaburi wanazoimba hugawanywa katika mzunguko wa wiki nne, kisha mzunguko huanza upya. Aliyeishi humo miaka 30 amezirudia mara mia kadhaa, akiwa mzima na akiwa mgonjwa, akiwa na furaha na akiwa amekasirika.

Kengele ikilia, anayeandika barua huweka kalamu chini hata kama sentensi haijaisha. Watu wengi hudhani ugumu wa utawa ni kukosa mume na pesa. Lakini kuna hili pia, ambalo halionekani kwa mbali: muda wako si wako, na wenzako wa mezani hukuwachagua. Sista hukaa na mkubwa anayekoroma, na kijana anayeacha sufuria bila kuosha, na mwenzake wa kabila jingine ambaye chumvi yake ni nyingi mno. Hawezi kuhama kama mpangaji.

Mwaka wenye rangi

Kama siku ina kengele yake, mwaka nao una majira yake, na kwa watawa mwaka hauanzi Januari. Huanza na Majilio, Jumapili nne kabla ya Noeli, wakati vitambaa vya altare vinapogeuka zambarau. Huku mjini maduka huwa yameanza kupiga nyimbo za Krismasi tangu Novemba. Kule masista husubiri. Huwasha mshumaa mmoja kila Jumapili, na nyimbo za Noeli hazisikiki Misani hadi usiku wa tarehe 24. Sisi kufikia tarehe 26 tumechoka na tumefilisika, ilhali wao ndio kwanza wameanza. Noeli yao huendelea hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, katikati ya Januari au karibu na hapo.

Kisha huja Kwaresima. Majivu yanayopakwa kwenye paji la uso Jumatano ya Majivu hutokana na matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, yaliyohifadhiwa yakakauka na kuchomwa. Kwetu Kenya majira haya mara nyingi huanza katika vumbi na joto la Februari, na kumalizika mvua za masika zikiwa zimeanza au zikinukia. Aliye na jembe mkononi hahitaji mahubiri marefu kuelewa kwamba mbegu hufukiwa kwanza. Aleluya haiimbwi hata mara moja. Nyama huachwa siku ya Ijumaa, na ugali na mboga huliwa bila manung'uniko, au kwa manung'uniko ya chini kwa chini.

Alhamisi Kuu hutokea jambo la ajabu. Baada ya wimbo wa Utukufu kuimbwa Misani, kengele iliyotawala mwaka mzima nayo hunyamaza. Haitasikika kanisani tena hadi Mkesha wa Pasaka, moto mpya unapowashwa nje gizani na Utukufu kuimbwa tena. Hapo hulia yote iliyonyimwa, na sherehe hudumu siku 50 hadi Pentekoste.

Sehemu kubwa ya mwaka, hata hivyo, si sherehe wala mfungo. Ni Kipindi cha Kawaida, cha rangi ya kijani, wiki 33 au 34 kwa jumla. Hujumuisha baridi ya Juni hadi Agosti, mitihani ya wanafunzi, foleni za zahanati na kuku walioshikwa na kideri. Humo ndimo sista hupimwa. Mtu yeyote anaweza kuwa mtakatifu usiku wa Pasaka, lakini kazi ipo Jumanne ya Julai, maji yakiwa baridi na mwenzako hajaongea nawe tangu jana.

Mfano tunao hapa nchini. Sista Irene Stefani, Mkonsolata kutoka Italia aliyefika Kenya mwaka 1915, aliwahudumia wabeba mizigo wagonjwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, kisha akafanya kazi Gikondi, Nyeri, kwa miaka kumi. Alifundisha na kuwatembelea wagonjwa kwa miguu, hadi wenyeji wakamwita Nyaatha, mama mwenye huruma. Alifariki Oktoba 31, 1930, akiwa na umri wa miaka 39, baada ya kumuuguza mgonjwa wa tauni. Mei 23, 2015, alitangazwa Mwenye Heri mjini Nyeri.

Wasichana wa Kiafrika nao hawakuchelewa. Masista wa Maria Immakulata wa Nyeri walianzishwa mwaka 1918, na Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko walianzishwa Nkokonjeru, Uganda, mwaka 1923 na Mama Kevin. Enzi hizo, binti kukataa kuolewa ilikuwa ni kuinyima jamaa yake mahari na ukoo mpya wa wakwe.

Kwa mzazi na binti

Mzazi anayehofu kwamba mwanawe atafungiwa maisha kwa uamuzi wa siku moja na atulie. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 hairuhusu aliye chini ya miaka 17 kuanza unovisi, ambao hudumu angalau miezi 12. Nadhiri za kwanza ni za muda, kati ya miaka mitatu na sita, na zinaweza kurefushwa hadi tisa. Muda huo ukimalizika, anayetaka kwenda zake yuko huru. Nadhiri za daima haziwezi kutolewa kabla ya miaka 21, na nadhiri iliyotolewa kwa kulazimishwa ni batili.

Lakini kuna jambo ambalo binti anapaswa kulijua kabla ya kufunga sanduku. Anayeondoka hawezi kudai malipo ya kazi aliyoifanya shirikani, ingawa sheria hiyo hiyo inalitaka shirika limtendee kwa haki na upendo. Kwa hivyo na aulize mapema: nitasomeshwa nini, nikiugua nitatibiwa vipi, na nikitoka nitatoka na nini? Si utovu wa imani kuuliza. Na mzazi asimsukume binti huko kwa sababu karo imemshinda, wala asimzuie kwa sababu ya ng'ombe ambao hawajafika.

Akishaingia, jamaa nayo hubadilika. Krismasi mtakwenda mashambani na kiti chake kitakuwa kitupu, kwani usiku huo atakuwa kikanisani na wenzake. Likizo yake huenda ikaja Januari, wageni wakiwa wamerudi mjini na nyinyi mkihesabu karo. Mpokeeni vizuri. Huenda kwa kalenda yake bado ni Noeli, na haitakuwa kosa kuchinja kuku mwingine.