Ase na 7: namna karata za katikati zinavyokula pesa kwenye pokeri

 Najua wengi munacheza pokeri, wengine kwenye telefoni, wengine ndani ya nyumba za kupanga, usiku, umeme ukikatika. Sikuja kuwahubiria. Nataka kueleza kitu kimoja ambacho mimi nilikilipia 85,000 franka ili nikijue: karata zinazokumaliza si zile mbaya. Ni zile za katikati.

Karata mbaya haina shida. Umepewa 2 na 8, unatupa, unaendelea kula karanga. Karata nzuri sana nayo inajicheza yenyewe. Shida ni ile nzuri kidogo, ile inayofanya roho iseme "labda". Na usiku mzima utakaa zaidi na hizo.

Kwa asiyejua mchezo, nipite haraka. Ni ile pokeri ya Texas. Mwaka 2007 bunge la jimbo hilo lilitambua rasmi kwamba ilizaliwa Robstown, mji wa huko huko. Kila mtu anapewa karata 2 za siri. Mezani zinafunguliwa 3 kwa pamoja, halafu ya 4, halafu ya 5, na hizo ni za wote. Unatafuta karata 5 bora kati ya hizo 7. Kila hatua unaweza kupitisha, kuweka pesa, kufuata aliyeweka, kupandisha, au kutupa. Watu wawili wanalazimika kuweka kidogo mwanzoni ili mtu asikae bure. Pesa zote zilizo katikati nitaziita kitita. Karata nitazitaja kama tunavyozitaja sisi: ase, rwa, dama, vale, kisha 10 mpaka 2.

Halafu, nasema juu ya mchezo wa pesa taslimu, si mashindano. Kwenye mashindano kile kiwango cha lazima kinapanda kila wakati, kinakusukuma ucheze hata usipotaka. Kwenye pesa taslimu hakipandi. Kila kizibo kilicho mbele yako ni pesa kamili, na saa yoyote unaweza kusimama ukaenda kulala. Maana yake hakuna kinachokulazimisha kufa na karata ya katikati. Ni wewe mwenyewe unajipeleka.

Sasa ile siku. Nilikuwa G2 Bukavu, tunapanga Kadutu, tuko vijana watano mezani. Tulitumia vizibo vya chupa, kizibo kimoja 500 franka. Vizibo vyangu 40 vya kwanza vilikuwa vimekwisha. Nikaingia chumbani, nikatoa bahasha ya minervali, sehemu ya kwanza ya mwaka, nikanunua vizibo 170.

Nikapewa ase na 7. Nikapandisha mpaka 6. Walinifuata wawili: kijana mmoja, na yaya mmoja wa L1 ambaye ndiye alikuwa anasema wa mwisho. Ukiongeza kizibo cha aliyetupa, kitita kikawa 19. Mezani zikafunguka ase, 9 na 4. Moyo ukaruka: niko na jozi ya ase! Nikaweka 20. Kijana akatupa. Yaya akafuata, hata hakuangalia karata zake mara ya pili. Ya nne ilikuwa 2. Nikaweka 50. Akafuata. Ya tano vale. Nikasukuma vyote vilivyobaki, 94. Akafuata tena. Akafunua ase na dama.

Sote wawili tulikuwa na jozi ya ase, lakini pokeri ikiona jozi zimelingana inaangalia karata za pembeni. Dama yake ikaniua. 7 yangu haikuhesabiwa kitu. Yaya alikusanya vizibo polepole, akaniuliza: "Lakini weye, ulitaka nani akulipe?"

Nilikasirika. Nilizani ananicheka. Kumbe alikuwa amenipa somo lote la karata za katikati kwa maneno machache, na ningalikuwa na akili ningaliandika kwenye daftari usiku ule ule.

Tuangalie swali lake. Nilipoweka 20 juu ya kitita cha 19, nani mwenye karata mbaya kuliko zangu angelipa? Labda mwenye 9, mara moja, kwa kusitasita. Nilipoweka 50? Mwenye 9 ameshakimbia. Nilipoweka 94? Anayebaki ni mwenye ase na dama, ase na rwa, au mwenye jozi mbili. Yaani kadiri nilivyoongeza pesa, ndivyo nilivyowafukuza wote niliokuwa nawashinda, nikabaki na yule mmoja anayenishinda mimi. Mimi mwenyewe nilimchagua.

Ndiyo maana karata ya katikati inataka kitita kidogo. Haitaki kitita sifuri, maana ukiogopa kila kitu utakuwa unaacha pesa za watu wenye karata mbovu zaidi. Inataka kidogo. Mahali pale ningeweka 8. Mwenye 9 angefuata bila kuumia, na mwenye jozi ya 10 angefuata. Ya nne ikifunguka, napitisha. Yaya akiweka tuseme 12, nafuata. Ya tano napitisha tena. Akiweka 20, nafuata kwa shingo upande. Hata kama ningemfuata mpaka mwisho kama mjinga, ningepoteza 6, 8, 12 na 20, jumla vizibo 46. Mimi nilipoteza 170.

Mtu atasema: ukipitisha, unampa mwenzako karata ya bure. Kweli, hiyo ni hatari, lakini ipime. Tuseme yeye ana 9 na 8. Ili anipite anahitaji 9 nyingine, ziko mbili, au 8, ziko tatu. Karata 5 kati ya 47 asizoziona. Kwa karata moja ni kama mara 1 kati ya 9. Hiyo naweza kuibeba. Tofauti inakuja pale mezani kuna karata mbili za rangi moja, tuseme kero mbili, na mwenzako ana kero mbili mkononi anangoja ya tano. Huyo ana karata 9 za kumwokoa, na kwa karata mbili zilizobaki anafika karibu 35 kwa 100. Huyo usimpe bure, mlipishe, hata kama yako ni ya katikati.

Na wewe ukiwekewa? Hapo ni hesabu ya darasa la sita. Kitita kina 20, mwenzako anaweka 10. Unalipa 10 ili upate 30. Ukishinda mara 1 kati ya 4, hujapoteza wala hujapata. Kwa hiyo usijiulize "je, mimi ndiye niko mbele?" Jiulize kama unaweza kuwa mbele mara 1 kati ya 4. Dhidi ya mtu anayependa kutisha watu na karata tupu, ndiyo, fuata. Dhidi ya mtu aliyekaa saa mbili bila kuweka kitu, halafu ghafla anapandisha, tupa, hata kama ni jozi ya ase. Kuna mwandishi wa Marekani, David Sklansky, anayefundisha kwamba unahitaji karata bora zaidi ili kumfuata aliyepandisha kuliko ili kupandisha wewe wa kwanza. Maana aliyepandisha ameshasema kitu, na wewe bado huna hata neno.

Tatizo hili linaanza hata kabla ya karata za mezani. Chukua jozi ya 10. Vijana wakiipata wanaona kama wamepata rwa wawili. Lakini zikifunguka zile 3 za kwanza, mara 7 kati ya 10 hivi kutakuwa na angalau moja kubwa kuliko 10 pale. Jozi yako inakuwa ya katikati mbele ya macho yako, na ulikuwa umeshaipenda. Jozi ndogo, 2 mpaka 6, ni hadithi nyingine: hizo unazifuata kwa bei ndogo tu, ukitafuta ya tatu ya kufanana, ambayo kwenye zile 3 inakuja kama mara 1 kati ya 8 na nusu. Isipokuja, unaaga. Hakuna "labda" hapo.

Mahali ulipokaa panabadilisha kila kitu, na hili nililielewa kwa mama yangu kuliko kwa vitabu. Mama anauza ndagala hapa Swima. Asubuhi mitumbwi ikifika, yeye hasemi bei wa kwanza hata siku moja. Anajifanya anafunga kitenge, anasikia huyu kataja ngapi, yule kakataa ngapi, ndipo anafungua mdomo. Kwenye pokeri anayesema wa mwisho ni mama yangu. Wote wakipitisha, anaweka kidogo na jozi yake ya katikati na mara nyingi anachukua kitita. Kukiwa na kelele mbele, watu wanapandishiana, anatupa, hajalipa kitu. Mimi ile siku nilisema kabla ya yaya mara tatu, na kila mara nilitaja bei kubwa.

Angalia pia watu. Kuna wale wanaofuata kila kitu, "acha nione tu". Hao usiwatishe na karata tupu, hawaogopi, lakini karata ya katikati dhidi yao inapanda thamani. Weka kidogo kila hatua, watalipa na jozi ya 4. Kuna wale wanaongoja. Hao wakinyamaza waibie; wakisema, nyamaza wewe. Na idadi: jozi moja mbele ya mtu mmoja ni kitu, mbele ya wanne ni karatasi. Nikiwa na wanne nyuma yangu, ase na 7 siku hizi naitupa kabla haijanizoea.

Mwaka 2019 watu wa chuo cha Carnegie Mellon pamoja na Facebook walitengeneza programu, Pluribus, iliyowashinda wachezaji wa kazi kwenye meza za watu sita. Mimi ninachoionea wivu si hesabu zake. Ni kwamba ikitupa karata, imetupa. Vizibo 76 ilivyokwisha kuweka haiviombolezi.

Na hapo ndipo nilipoangukia hasa. Nikiwa mkweli, zile 94 za mwisho sikuziweka kwa sababu ya ase. Yaya alikuwa amenifuata mara mbili bila kusema neno, na ndani yangu nilishajua. Nilizisukuma kwa sababu 76 zilizokuwa mezani zilikuwa minervali, na sikuweza kuziacha pale. Kama zingekuwa pesa za karanga, ningetupa nikalala. Tangu hapo niko na sheria moja ya kizamani: pesa yenye jina la kitu kingine haikai mezani, maana nayo sijui kutupa karata.

Nilikaa nje ya mitihani ya kikao cha kwanza. Telefoni niliiuza, nikalipa nusu. Nusu nyingine nilibeba saruji kwenye kazi ya ujenzi mpaka mwezi wa nane. Yaya alinirudishia vizibo 20, yaani 10,000 franka, akasema ni za chakula, si za kucheza. Nilizichukua.

Mama nilimwambia pesa ziliibiwa njiani, pale Uvira, nikibadilisha gari. Mpaka leo nikisafiri ananishonea mfuko ndani ya suruali. Yeye hana Facebook. Lakini dada yangu anayo, na ukurasa huu anausoma.